Jina la Sofia Halikutoka Ikulu

Mswahili akilitaja jina la mji mkuu wa Bulgaria hulikosea bila kujua. Lugha yetu huupeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunasema So-FI-a, kama tunavyomwita shangazi au binti wa jirani. Wabulgaria nao wana akina Sofia wengi, na wakimwita mtu hutamka kama sisi. Ila mji wao huuita SO-fia, mkazo mwanzoni kabisa. Herufi ni zilezile, lakini kwa sikio la mwenyeji hayo ni majina mawili, moja la mtu na jingine la mji.

Mkazo huo umehifadhi jambo ambalo mji wenyewe umeanza kulisahau. Sofia haikupewa jina la malkia, wala la binti mfalme, wala la mtakatifu wa kike. Ilipewa jina la jengo. Na hakuna kaizari aliyeketi akaamua hivyo. Jina lilitoka vinywani mwa wasafiri, wafanyabiashara na waumini waliokuwa wakilitazama jengo hilo kutoka mbali, likakaa, na halijatoka tena. Naandika haya kwa sababu kwa miaka zaidi ya 20 sasa, mji huo unajivisha sura ya mwanamke asiyehusika na jina lake, na huku lile jengo limekaa kando, watalii wakiligeuzia mgongo.

Jengo lenyewe ni kanisa la matofali mekundu ya kuchoma, la karne ya 6, zama za Kaizari Justiniano, yuleyule aliyejenga Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Kwa nje halina nakshi. Hakuna kuba la dhahabu, hakuna sanamu mlangoni. Kuna kuta nene, matao, na umbo la msalaba. Hata mnara wa kengele halina: kengele yake imening'inizwa kwenye mti nje ya kanisa, kama sisi tunavyoning'iniza rimu ya gari kwenye mwembe wa shule. Ng'ambo ya uwanja kuna Kanisa Kuu la Alexander Nevsky, lililojengwa kati ya 1882 na 1912, lenye makuba ya dhahabu yanayong'aa hadi siku za mawingu. Kamera zote huelekea huko. Mgeni anaweza kupiga picha saa nzima uwanjani hapo asijue kwamba kile kikanisa chekundu kilicho nyuma yake ndicho kilichoupa mji jina.

Sophia ni neno la Kigiriki, maana yake hekima. Wakristo wa Mashariki wanapolipa kanisa jina la Hekima Takatifu, wanamaanisha Hekima ya Mungu, na katika mafundisho yao Hekima hiyo ni Kristo mwenyewe. Hakuna mwanamke hapo. Hagia Sophia ya Konstantinopoli haikumhusu mwanamke, na hii ndogo ya Balkani pia haikumhusu. Kama Wabulgaria wangetafsiri jina la mji wao kwa Kiswahili, tungeuita Hekima, na labda tusingebabaika hata kidogo.

Kanisa lilijengwa nje ya kuta za mji wa Kirumi, mahali palipoinuka, juu ya makaburi. Chini ya sakafu yake wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta makaburi mengi ya watu wa kale na mabaki ya makanisa yaliyotangulia, moja juu ya jingine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiukaribia mji kwa njia ya uwanda wa chini ya mlima Vitosha aliliona kanisa lile limesimama peke yake juu ya kilima. Ndilo alilolishika kama alama. Hapo hakuhitajika mtaalamu wa majina. Sisi tuna vituo vya daladala visivyo na idadi vinavyoitwa Mbuyuni, Msikitini na Shuleni, na hakuna waziri aliyevibatiza. Mtu anasema nishushe pale kwenye mbuyu, mwingine anarudia, na baada ya miaka mbuyu umekatwa lakini kituo bado ni Mbuyuni. Sofia ilipata jina lake kwa njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba mbuyu wake haujakatwa.

Lakini mji ulikuwa na umri mkubwa kabla ya jina hilo, na majina ya zamani yanastahili kusimuliwa, maana kila moja linaonyesha nani alikuwa akisema na nani alikuwa akisikiliza.

Jina la kwanza tunalolijua ni Serdica. Limetokana na Waserdi, kabila lililoishi hapo, ambalo wengine hulihesabu kuwa la Kithrakia na wengine huliona la Kikelti. Waliokaa hapo walifuata maji. Chini ya mji huu kuna chemchemi za maji moto, na hadi leo, karibu na jengo la zamani la mabafu ya umma ambalo sasa ni makumbusho ya historia ya mji, kuna mabomba ya maji hayo yanayotiririka bure. Fika asubuhi yoyote utawakuta wazee wamebeba madumu na chupa za plastiki, wamepanga foleni, mvuke ukipanda wakati wa baridi, wakichota maji ya kunywa nyumbani. Wafalme wamekuja na kuondoka, foleni ile ipo. Ukiniuliza kwa nini mji umekaa mahali hapo kwa zaidi ya miaka 2,000, nitakuonyesha madumu yale kabla ya kukuonyesha ngome yoyote.

Mwaka 29 kabla ya Kristo jeshi la Roma chini ya Marcus Licinius Crassus liliwapiga Waserdi, na baadaye mji ukaingia kwenye himaya. Kaizari Trajan akaupa heshima, ukaitwa Ulpia Serdica, Ulpia likiwa jina la ukoo wake. Tazama sasa kilichotokea kwa heshima hiyo. Watu waliendelea kusema Serdica. Kile kipande cha mbele, alama ya kaizari mwenyewe, kilibaki kwenye mawe na sarafu, na mawe yalipofukiwa nacho kikafukiwa. Jina la kabila lililoshindwa vitani likaishi kuliko jina la ukoo wa aliyeshinda.

Serdica ilikuwa mji mkubwa. Kuta zake zilijengwa katika miaka ya 176 hadi 180, zama za Marcus Aurelius na mwanawe Commodus, na maandishi ya malangoni yanasema hivyo. Kaizari Konstantino aliupenda kiasi kwamba anatajwa kusema "Serdica ndiyo Roma yangu." Mwaka 343 maaskofu wa Mashariki na Magharibi waliitwa hapo kwa mtaguso, na kiini cha ugomvi wao kilikuwa Mwafrika: Athanasius, askofu wa Alexandria ya Misri, aliyekuwa ameondolewa kwenye kiti chake. Wa Magharibi wakataka akae nao kikaoni, wa Mashariki wakakataa, mwishowe wakafungasha na kuondoka kwenda Philippopolis, ambayo leo ni Plovdiv. Nyufa kati ya Roma na Mashariki zilianza kuonekana mapema, na moja ilionekana hapa. Karne moja baadaye Wahun, kabila la wapiganaji wa Attila, waliubomoa mji. Ujenzi upya wa siku za Justiniano ndio uliotuachia kanisa la matofali.

Halafu wakaja Waslavi, na mwaka 809 Khan Krum akauteka mji kutoka kwa Bizanti, yaani dola la Roma ya Mashariki, na kuuingiza katika dola la Wabulgaria. Hapo Serdica ikawa Sredets. Hatua hii inanivutia kuliko zote. Neno sreda katika lugha za Kislavi lina maana ya katikati. Waslavi walisikia jina la kigeni, Serdica, halikuwaambia kitu, wakalisogeza kidogo ulimini hadi likasema jambo wanalolielewa: mji wa katikati. Hilo si kosa la matamshi. Ni kazi ambayo kila lugha hai huifanya, na Kiswahili chetu tunajua kimefanya hivyo kwa mamia ya maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza. Jina lilihama lugha bila kuhama mahali.

Tena lilisema kweli. Njia kuu ya kijeshi ya Warumi kutoka Singidunum, yaani Belgrade ya leo, hadi Konstantinopoli ilipita hapo. Aliyeshika Sredets alishika kiungo cha Balkani. Mwaka 986 Kaizari Basil wa Pili aliuzingira mji kwa siku 20 hivi, akashindwa, na akiwa njiani kurudi akavamiwa na Wabulgaria katika njia ya mlimani iitwayo Lango la Trajan na jeshi lake likasambaratishwa. Wabizanti waliuita mji Triaditsa, jina ambalo wapo wataalamu wanaoliona kuwa ni Sredets ileile iliyopinda katika masikio ya Kigiriki. Walipouchukua tena katika karne ya 11, Triaditsa ikatumika katika maandishi yao. Mitaani Sredets ikaendelea.

Ndipo katika karne ya 14 linatokea jina jipya bila kupigiwa ngoma. Mwaka 1376 mfanyabiashara wa Ragusa, mji wa pwani ambao sasa ni Dubrovnik, anaandika katika kumbukumbu zake: Sofia. Linaonekana pia katika hati ya Mfalme Ivan Shishman, aliyetawala mwishoni mwa karne hiyo. Hati hiyo inaonyesha jina likiwa katikati ya mabadiliko: mji unaitwa Sofia, lakini watu wake na eneo lake bado wanaitwa kwa jina la Sredets. Mfalme hakutangaza kitu. Karani wake aliandika kama watu walivyosema, na watu walikuwa na majina mawili mdomoni kwa wakati mmoja. Mtoto aliyezaliwa Sredets alizeekea Sofia bila kuhama nyumba.

Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1380, majeshi ya Waosmani, yaani Waturuki, yakauchukua mji. Kwa karne kadhaa ukawa makao ya beylerbey wa Rumelia, gavana mkuu wa sehemu ya Ulaya ya dola la Osmani. Msikiti wa Banya Bashi, uliojengwa karne ya 16 na unaohusishwa na msanifu Mimar Sinan, ungali unasaliwa, umesimama jirani na yale mabomba ya maji moto, na jina lake linatokana na mabafu. Msikiti mkubwa zaidi, wenye makuba tisa, sasa ni makumbusho ya mambo ya kale. Na kanisa la Hekima Takatifu nalo liligeuzwa msikiti, likaongezewa mnara.

Hapo ndipo nguvu ya jina la mtaani inapoonekana waziwazi. Kanisa halikuwa kanisa tena. Adhana iliitwa juu yake kwa zaidi ya karne mbili. Lakini mji ukaendelea kuitwa kwa jina la kanisa, na si na Wakristo peke yao: Waturuki wenyewe, katika daftari za kodi na barua za serikali, waliandika Sofya. Wangeweza kulibadilisha. Walikuwa na mamlaka, walikuwa na karani, walikuwa na muhuri. Hawakuona haja, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kuwa la kila mtu, la Mwislamu, Mkristo na Myahudi aliyeuza vitu sokoni. Tetemeko la 1818 liliangusha mnara wa msikiti huo, la 1858 likauharibu zaidi, ukaachwa. Jengo likabaki gofu. Jina halikupata ufa.

Januari 1878 jeshi la Urusi chini ya Jenerali Gurko liliingia Sofia, na utawala wa Waosmani ukaisha. Kisha ukaja mjadala ambao wengi nje ya Bulgaria hawaujui.

Bunge la kutunga katiba lilikutana Tarnovo, mji mkuu wa wafalme wa zamani, na tarehe 3 Aprili 1879 likachagua Sofia iwe mji mkuu. Aliyetoa pendekezo alikuwa mwanahistoria Marin Drinov. Sofia wakati huo ilikuwa mji mdogo wa matope na nyumba za mbao. Sensa iliyofuata ilihesabu watu 20,000 na kitu. Tarnovo ilikuwa na utukufu, na Plovdiv, mji tajiri zaidi, ilikuwa imeachwa nje ya mpaka na Mkataba wa Berlin. Kwa nini Sofia? Kwa sababu ya kuwa katikati. Mkataba wa San Stefano wa Machi 1878 ulikuwa umechora Bulgaria kubwa iliyoingiza sehemu kubwa ya Makedonia. Berlin ikaifuta miezi minne baadaye, lakini waliokaa Tarnovo waliamini itarudi, na katika ramani ile Sofia ilikuwa kitovu. Yaani waliuchagua mji kwa maana ya jina lake la zamani, Sredets.

Na ndiyo maana baadhi ya wananchi walitaka jina hilo lirudishwe. Iliundwa kamati ya watu mashuhuri wa mji, wakadai mji mkuu wa taifa la Kislavi uitwe kwa Kislavi. Hoja yao haikuwa dhaifu. Sredets lilikuwa jina la siku za uhuru wa kwanza. Sofia ni Kigiriki, na lilikuwa limeandikwa kwa karne tano katika daftari za mtawala mgeni. Taifa linalozaliwa upya hutamani jina safi. Mwafrika yeyote anaielewa njaa hiyo bila kuelezwa, nami siibezi.

Hata hivyo walishindwa, na nadhani ni vyema walishindwa. Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya nusu kwa nusu: taasisi za taifa zikatumia Sofia, na ofisi za mkoa na za kanisa zikaruhusiwa Sredets. Miaka ilivyokwenda Sredets ikafifia kwenye karatasi, kwa sababu mtu aliyekuwa akienda sokoni alikuwa akienda Sofia. Wale wazalendo walidhani jina la kigeni ni jina la mgeni. Hawakuona kwamba babu zao wenyewe, waliokuwa wakilitazama kanisa la kilimani, ndio waliolifanya la kwao kabla Mturuki wa kwanza hajafika. Jina la Kigiriki lilikuwa limepata uraia.

Ile ramani pia haikuja. Leo Sofia iko magharibi kabisa mwa nchi, kama kilomita 55 tu kutoka mpaka wa Serbia, na bahari iko upande mwingine wa nchi. Gharama ya uchaguzi huo ilionekana mapema. Novemba 1885 Serbia ilivamia, na jeshi lake lilizuiwa Slivnitsa, mahali ambapo leo gari hutumia nusu saa hivi kutoka mjini. Kama mji ungekubali kuitwa Wa Katikati, watoto wangefundishwa shuleni jina linalopingana na ramani iliyo ukutani. Hekima haina mpaka wa kuhamishwa na mkataba.

Karne ya 20 ilikuwa karne ya kubandika majina. Varna, mji wa Bulgaria wa Bahari Nyeusi, uliitwa Stalin kuanzia 1949 hadi 1956. Pernik, jirani kabisa na Sofia, ikaitwa Dimitrovo kwa heshima ya Georgi Dimitrov, kiongozi wa kikomunisti wa Bulgaria, hadi 1962. Ng'ambo, Podgorica ya Montenegro ikawa Titograd kuanzia 1946 hadi 1992. Katikati ya Sofia, Dimitrov alipofariki Julai 1949, mausoleo yake ya marumaru meupe yalijengwa kwa siku sita, mwili wake ukawekwa humo hadi 1990, na jengo likavunjwa 1999. Mji uliupa mwili wake nyumba lakini haukumpa jina. Hata kanisa kuu la Alexander Nevsky, kati ya 1916 na 1920, liliwahi kuitwa la Watakatifu Cyril na Methodius, kwa kuwa Nevsky ni mtakatifu wa Kirusi, na Urusi ilikuwa upande wa adui vitani. Kisha likarudishwa la kwanza. Majina haya yote yalitoka juu. Aliyekuwa juu alipoondoka, yaliondoka naye.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Katikati ya mji, mahali ambapo sanamu ya Lenin ilisimama hadi baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka, mwaka 2000 ilisimamishwa sanamu ndefu ya shaba juu ya nguzo, kazi ya mchongaji Georgi Chapkanov. Ni mwanamke aliyevaa gauni jembamba, ngozi yake ya rangi ya dhahabu. Kichwani ana taji la Tyche, mungu wa bahati wa Wagiriki. Mkono mmoja umeshika shada, na kwenye mwingine ametua bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, lakini kwa Wagiriki alikuwa ndege wa hekima, kwa hiyo bundi namwelewa. Mwanamke huyo simwelewi. Watu humwita Mtakatifu Sofia, na amevaa alama za miungu ya kale. Wapo waumini waliolalamika tangu siku ya kwanza, na katika hili niko nao, ingawa yangu ni hoja ya historia na si ya ibada. Mji ulikuwa na jina la dhana kubwa, hekima ya aliyeumba, nao ukaligeuza mwili wa mwanamke mrembo ili lionekane vizuri kwenye kadi za posta.

Mkanganyiko hauishii hapo. Tangu 1992 Sofia huadhimisha sikukuu ya mji tarehe 17 Septemba. Siku hiyo Waortodoksi huwakumbuka mashahidi Vera, Nadezhda na Lyubov, yaani Imani, Tumaini na Upendo, pamoja na mama yao Sofia. Ni sikukuu nzuri na akina Sofia wengi husherehekea jina lao siku hiyo. Lakini mama huyo siye aliyeupa mji jina. Ukifuata mkazo wa Kibulgaria, ni siku ya akina So-FI-a, si ya SO-fia.

Ipo na hadithi ya tatu, ambayo waongoza watalii huipenda: kwamba Justiniano alikuwa na binti mgonjwa aitwaye Sofia, akaja hapa, maji ya moto yakamponya, naye kwa shukrani akajenga kanisa. Inapendeza masikioni, na inagusa kile kitu cha kweli, yaani maji. Ila Justiniano hakuacha mtoto. Katika hadithi zote hizi naona tabia moja: mtu hataki kuamini kwamba jina kubwa linaweza kutoka kwa watu wasio na jina. Anamtafuta binti mfalme, anamtafuta shahidi, akikosa anamchonga.

Nisingependa sanamu ivunjwe. Sofia imebomoa vya kutosha, na kila kizazi kilichobomoa kilijiona kina haki. Ningependa kitu kidogo zaidi. Sikukuu ya mji ianzie uwanjani pa kanisa jekundu, mbele ya ile kengele ya kwenye mti. Kibao kikubwa, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, kieleze kwamba hapa ndipo jina lilipotoka na lilivyotoka. Upande wa kusini wa kanisa hilo tayari unawaka moto wa Askari Asiyejulikana, uliowashwa 1981, na karibu yake amezikwa mwandishi Ivan Vazov chini ya jiwe kubwa lililoletwa kutoka Vitosha, lisilochongwa. Hapo hapahitaji mapambo. Taifa limekwisha kuweka vitu vyake vya maana pembeni mwa ukuta ule. Limebaki kusema kwa nini ukuta upo.

Kuna jambo moja ambalo mji umelifanya vizuri, na huenda halikupangwa na mtu mmoja. Majina yaliyoshindwa hayakutupwa. Sofia imegawanywa katika wilaya 24, na katika hizo moja inaitwa Sredets, nyingine Triaditsa, nyingine Serdika. Kile kilichokuwa jina la mji mzima kwa Waslavi, kwa Wabizanti na kwa Warumi sasa ni anwani ya mtu anayelipia bili ya umeme. Na mafundi wa reli ya chini ya ardhi walipochimba katikati ya mji walikutana na barabara za mawe za Kirumi, misingi ya nyumba na mabomba ya udongo. Kituo kikaitwa Serdika. Abiria hupita kazini kila asubuhi, simu mkononi, kando ya mawe ambayo Konstantino aliyakanyaga, juu yao vioo vinavyoingiza mwanga wa barabarani. Akipanda ngazi atokee juu, kulia kwake yupo yule mwanamke wa shaba na bundi wake. Kanisa halionekani kutoka hapo. Itabidi aifuate barabara ya matofali ya njano kuelekea mashariki, apande taratibu, kwa sababu hadi leo pale ndipo palipoinuka.